Maeneo ya wazi Kigali yapangwe kabla hayajaisha

JUMAPILI mbili kila mwezi baadhi ya barabara kuu za Kigali hufungwa kwa saa chache asubuhi. Magari hayapiti. Wanaopita ni watu: vijana wakikimbia, akina mama wakifanya mazoezi, wazee wakitembea taratibu na watoto wakiendesha baiskeli katikati ya lami bila hofu.

Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 na umepokelewa vizuri. Wageni wanaousifu ni wengi, na sisi pia tunausifu.

Hata hivyo, tunapenda kuuliza swali moja. Barabara ikishafunguliwa na magari yakarudi, yule mtoto mwenye baiskeli anakwenda kucheza wapi? Yule mzee aliyekuwa akitembea anakaa kwenye kivuli gani? Na watu wote waliofurahi asubuhi ile wanapata wapi nafasi hiyo siku ya Jumatano?

Jibu kwa mitaa mingi ya jiji letu ni kwamba hawaipati. Ndiyo maana tumeona leo tuzungumzie jambo la bustani za umma na maeneo ya wazi, ambalo kwa mtazamo wa haraka linaweza kuonekana la anasa, lakini si hivyo.

Kwanza tuangalie hesabu. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Ilipofanywa makao makuu ya nchi wakati wa uhuru mwaka 1962, ilikuwa mji mdogo wenye wakazi wapatao elfu sita tu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.7. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 600,000, ambao ni wastani wa watu 60,000 kila mwaka. Mpango kabambe wa jiji unatarajia kuwa ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itakuwa imezidi mara mbili.

Watu hao wote wanahitaji nyumba, barabara, maji, shule na masoko. Hakuna anayepinga hilo. Lakini ardhi ya Kigali haiongezeki. Ni vilima na mabonde yale yale aliyoyakuta Kandt. Kila kiwanja kinachojengwa leo hakitarudi tena kuwa wazi kesho, isipokuwa kwa gharama kubwa na kwa machozi ya mtu.

Wasomaji wetu wengi ni watu waliorudi nyumbani. Wapo waliorudi mwaka 1994 na 1995 kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo baada ya kuishi ugenini tangu mwaka 1959. Wapo waliorudi kwa makundi makubwa mwishoni mwa mwaka 1996. Wapo waliofika kutoka mkoa wa Kagera mwaka 2013, na wengine waliovuka kutoka Goma mwaka 2025.

Hao hawahitaji kufundishwa maana ya kukosa nafasi. Na wanakumbuka vizuri jambo moja ambalo vijana wa leo huenda hawalijui.

Hifadhi ya Akagera iliundwa mwaka 1934 ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 2,500. Baada ya mwaka 1994 nchi ilipokea maelfu ya familia zilizorudi na ng'ombe wao, zikiwa hazina pa kukaa. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi hiyo ilikatwa na kugawiwa kwa ajili ya makazi na malisho. Kuna wasomaji wetu Nyagatare na Gatsibo ambao nyumba zao leo zimesimama pale ambapo zamani walikuwa wakipita nyati na swala.

Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa. Watu walikuwa hawana makazi na nchi ilichagua watu, jambo ambalo serikali yoyote yenye huruma ingefanya. Lakini tujifunze kutokana nao. Ulikuwa uamuzi wa dharura, uliofanywa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Sehemu iliyobaki ya Akagera iliwekewa uzio mwaka 2013, simba wakarudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, na leo inaliingizia taifa fedha za kigeni. Imewezekana kwa sababu mipaka iliwekwa, ikajulikana, ikalindwa.

Jiji la Kigali linakua kwa kasi, lakini halipo katika dharura kama ile. Lina muda wa kupanga. Tatizo ni kwamba muda huo unapungua kila msimu wa ujenzi.

Sasa tuje kwenye mabonde, kwa sababu huko ndiko hadithi ya maeneo ya wazi ya Kigali ilikojificha.

Mvua inaponyesha juu ya vilima vyetu, zamani ilikuta udongo, majani na migomba, ikazama. Siku hizi inakuta mabati, vigae na lami. Haizami, inateremka. Inaposhuka kwa kasi inachukua udongo, taka na wakati mwingine ukuta wa nyumba ya mtu, hadi chini bondeni.

Bonde lenye mafunjo na majani yake hufanya kazi mbili. Linayapokea maji na kuyazuia kama sponji, kisha linayaachia pole pole. Pili linayachuja, tope na uchafu vikabaki kwenye mizizi. Bonde lililojazwa kifusi na kujengwa gereji haliwezi kufanya kazi hata moja kati ya hizo. Maji yanayotoka hapo huingia mto Nyabugogo, ambao hujiunga na Nyabarongo, kisha Akagera, hadi Ziwa Victoria. Uchafu tunaoutupa Gikondo hauishii Gikondo. Unawafikia jirani zetu.

Gikondo yenyewe ni somo tosha. Kwa miaka mingi eneo la viwanda liliachwa likue ndani ya bonde la majimaji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilipiga marufuku kujenga nyumba katika ardhi oevu na kuweka umbali wa mita 20 kutoka ukingo wake. Lakini viwanda vilikuwa vimeshakaa. Ikabidi vihamishwe kimoja kimoja kwenda ukanda maalumu wa kiuchumi kule Masoro, kazi iliyochukua miaka mingi na kugharimu mabilioni ya faranga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tumejenga ukuta, tukaubomoa, kisha tukarudi kuziba ufa.

Kwa bahati nzuri kuna mfano mwema pia. Bonde la Nyandungu, upande wa kwenda uwanja wa ndege, lilikuwa limeharibika. Mwaka 2016 kazi ya kulifufua ilianza, na mwaka 2022 lilifunguliwa kwa umma likiwa bustani ya hekta 121. Imepandwa miti zaidi ya 17,000 ya asili, zimetengenezwa njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli zipatazo kilomita 10, na kuna mabwawa yanayopokea maji ya mvua. Ndege ambao walikuwa wamehama wamerudi.

Mwaka huo huo wa 2022 Kigali ilitambuliwa na Mkataba wa Ramsar kuwa miongoni mwa miji inayotunza ardhi oevu. Na mwaka 2024 ilianza kazi ya kufufua mabonde mengine matano, yakiwemo Gikondo, Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo.

Hizi ni hatua za kupongezwa, na tunawapongeza waliozibuni na wanaozitekeleza. Lakini pongezi zetu zina neno la ziada.

Bustani kubwa iliyo mbali haiwezi kuchukua nafasi ya uwanja mdogo ulio karibu. Mama anayeishi Kimisagara, mwenye watoto wanne na kibanda cha mboga, hawezi kupanda mabasi mawili kwenda Nyandungu ili watoto wacheze. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni. Na akifika atakuta mlangoni kuna kiingilio.

Tunafahamu kwamba bustani kama ile ina gharama za kuitunza na kwamba kiingilio husaidia. Hatuna ugomvi na hilo. Tunachosema ni kwamba jiji likihesabu hekta 121 za Nyandungu kuwa ndilo jibu kwa wote, litakuwa limewahesabu watu wa Kimisagara, Gitega, Gatenga na Nyamirambo mahali ambapo hawapo.

Umoja wa Mataifa, katika malengo ya maendeleo yaliyopitishwa mwaka 2015, uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mtu awe na njia ya kufika kwenye maeneo ya umma yaliyo salama na yenye kijani, hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Shirika lake la makazi linashauri miji itenge asilimia 15 hadi 20 ya ardhi yake kwa ajili ya maeneo ya wazi ya umma, mbali na barabara.

Neno muhimu katika lengo hilo ni kufika. Haitoshi bustani iwepo kwenye ramani. Mtu aifikie kwa miguu yake, bila kulipa na bila kufukuzwa.

Wafanyabiashara wa mipakani wanalijua jambo hili kuliko wataalamu wengi. Wanaoshuka Nyabugogo alfajiri na basi la usiku kutoka Kampala au Dar es Salaam wanajua maana ya kukaa juu ya mzigo wako mwenyewe kwa sababu hakuna benchi. Wanajua kutafuta choo na kuambiwa ununue kwanza chai. Wanajua kusimama juani huku askari wa mgambo akiwaambia msongee, mnachafua mji.

Wamepita Namanga, Malaba, Rusumo, Gatuna, Goma na Bukavu. Wameona miji mingi. Kwa hiyo tunawaomba watusaidie kuwa mashahidi katika haya tunayosema, maana ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Wenye kufika Nairobi wamepita Uhuru Park. Mwaka 1989 pale palitakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani na kuambiwa anawaharibia wengine maendeleo. Hakurudi nyuma. Jengo halikujengwa, bustani ikabaki, na mwaka 2004 mama huyo akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Vivyo hivyo bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, ilinusurika mwaka 1991 kugeuzwa maegesho ya magari kwa sababu wananchi walikataa.

Leo mfanyakazi wa Nairobi anayekula mkate wake wa mchana chini ya mti huenda hajui kwamba mti ule ulikuwa na kesi.

Wenye kufika Kampala wanaikumbuka Centenary Park, iliyowekwa mwaka 1990 kuadhimisha miaka 100 ya jiji hilo. Ilikuwa ya umma. Baadaye ikakodishwa, na pole pole baa, mikahawa na maduka yakachukua nafasi ya nyasi, ikafuata migogoro ya miaka mingi. Haikuporwa usiku mmoja. Iliisha kibanda baada ya kibanda.

Na wenye kufika Dar es Salaam wanalijua bonde la Msimbazi pale Jangwani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa humo humo bondeni, na mara kwa mara imekumbwa na mafuriko. Maji hayasomi hati ya kiwanja.

Mifano hii mitatu inatufundisha mambo matatu. Eneo la wazi linahitaji mtetezi. Eneo la wazi huisha kwa vipande vidogo. Na bonde ukilinyang'anya nafasi yake litarudi kuidai.

Tukirudi nyumbani, kuna jambo gumu ambalo hatutaki kulikwepa, nalo ni nani anayelipa gharama ya kuwa na mji wenye nafasi.

Mabondeni hawakujenga matajiri peke yao. Wengi waliojenga humo ni watu waliofika mjini wakiwa na fedha kidogo, wakauziwa kipande cha ardhi na mtu aliyewahakikishia kwamba hakina tatizo. Miongoni mwao wamo waliorudi kutoka ugenini wasiojua sheria za hapa wala lugha ya kwenye makaratasi. Mwishoni mwa mwaka 2019 kaya nyingi ziliondolewa kwenye mabonde ya jiji kabla ya mvua. Sababu ilikuwa ya haki, kwa maana watu walikuwa hatarini. Lakini suala la nani alipwe fidia na nani asilipwe liliacha malalamiko ambayo tulikuwa tukiyasikia muda mrefu baadaye.

Sheria ya mwaka 2015 inayohusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma inataka fidia ilipwe ndani ya siku 120 tangu kuidhinishwa. Tunasisitiza kwamba bustani ni manufaa ya umma sawasawa na barabara. Basi anayepisha bustani astahili kutendewa sawasawa na anayepisha barabara. Tusijenge mahali pa watu kupumzika juu ya mgongo wa mtu ambaye hajalala kwa sababu hajui kesho atakaa wapi.

Kuna pia wachuuzi. Mwaka 2015 barabara moja katikati ya mji ilifungwa kwa magari ili iwe ya waenda kwa miguu. Kwa miaka kadhaa ilikaa bila viti vya kutosha, bila kivuli na bila shughuli, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamekimbia. Ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2022 ikiwa na viti, mwanga, vibanda na sehemu za watoto, watu wakarudi.

Somo ni dogo lakini ni la maana. Kufunga barabara au kuzungushia nyasi uzio hakutoshi kupata eneo la umma. Watu huenda mahali penye watu, penye cha kula, penye choo na penye usalama.

Kwa upande mwingine, jiji liliwahi kujenga masoko madogo ili kuwaondoa wachuuzi barabarani. Baadhi yao waliyaacha na kurudi barabarani kwa sababu wateja hawapiti kule. Je, haingewezekana mambo haya mawili yakakutanishwa? Bustani inahitaji watu na uhai, mchuuzi anahitaji mahali watu wanapopita. Kona moja ya kila bustani ikitengwa kwa vibanda vichache vya matunda, chai na maji, vyenye utaratibu na usafi unaosimamiwa, bustani itapata walinzi wasiolipwa mshahara na mchuuzi atapata kazi asiyoikimbilia askari.

Baada ya kusema hayo, tungependa kutoa ushauri wetu kwa uongozi wa jiji, kwa wizara zinazohusika na kwa wananchi.

Kwanza, kila eneo la wazi lililopo leo lipimwe, lipewe namba ya kiwanja na liandikishwe kuwa mali ya umma. Nchi yetu iliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10 katika zoezi lililoanza mwaka 2009, kazi ambayo mataifa mengi yamekuja kujifunza kwetu. Tukiweza kujua mmiliki wa shamba la viazi Burera, tunaweza kujua mipaka ya kiwanja cha watoto Gatenga. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila akagari ili mwananchi aisome. Ardhi isiyo na jina ndiyo inayoibwa kwanza.

Pili, kwenye maeneo mapya ya makazi pembezoni mwa jiji, nafasi ya wazi itengwe kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Katika baadhi ya maeneo hayo wenye ardhi wamekuwa wakikubaliana kila mmoja atoe kipande ili barabara zipite, na viwanja vilivyobaki vikapanda thamani. Utaratibu huo huo uongezewe kipande cha uwanja. Gharama yake leo ni ndogo. Baada ya miaka kumi itabidi zivunjwe nyumba.

Tatu, tuache kufikiri kwa hekta peke yake, tufikiri pia kwa dakika. Kipimo kiwe kwamba mtoto wa miaka minane anaweza kutoka kwao na kufika mahali pa kucheza kwa miguu ndani ya dakika kumi, bila kuvuka barabara kubwa. Kiwanja cha namna hiyo hakihitaji chemchemi wala sanamu. Kinahitaji udongo uliosawazishwa, miti ya kivuli, mabenchi, bomba la maji, choo na taa. Miteremko mikali isiyofaa kujengwa ipandwe miti na iwekewe ngazi na njia, kama watu wanavyopenda kupanda Mlima Kigali siku za mapumziko.

Nne, bustani za mitaani ziwe bure. Kiingilio kibaki kwa zile kubwa zenye huduma za pekee, na hata hizo ziwe na siku za wanafunzi na familia kuingia bila malipo.

Tano, utunzaji upangiwe fedha tangu mwanzo. Tumeona mara nyingi mradi ukizinduliwa kwa ngoma na utepe, na baada ya miaka miwili mabenchi yamevunjika na taa zimezimika. Tunayo umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wananchi wanaweza kabisa kuitunza bustani yao wenyewe, kupalilia na kupanda. Lakini umuganda hauwezi kununua balbu. Kila bustani iwe na fungu lake kwenye bajeti na mtu anayejulikana wa kuulizwa.

Sita, ushauri huu usiishie Kigali. Miji ya Rubavu, Rusizi, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare imechaguliwa kukua, na inakua. Miji ya mpakani hasa hukua haraka na bila ramani, kwa sababu biashara haingoji mpimaji. Leo ghala, kesho nyumba ya wageni, keshokutwa eneo lote limejaa. Rubavu ina ufukwe wa Ziwa Kivu ambao bado watu wa kawaida wanaweza kuufikia na kukaa. Uandikwe leo kuwa wa watu wote, kabla bei ya kiwanja cha kando ya ziwa haijawa kubwa kiasi cha kumfanya kila mtu asahau.

Na kwenye vituo vya mpakani penyewe, pale ambapo akina mama wanavuka alfajiri na vikapu vichwani, patengwe mahali penye kivuli, maji na vyoo, ambapo mtu anaweza kukaa akingoja foleni ipungue au mwenzake avuke. Mfanyabiashara mdogo analipa ushuru. Ana haki ya kukaa kitako.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kuacha ardhi ya thamani ikae bure. Tunawaelewa. Lakini ardhi hiyo haikai bure. Inapokea maji ambayo vinginevyo yangeingia majumbani. Inapoza joto la mabati na lami. Inampa kijana mahali pa kupiga mpira badala ya kukaa kibarazani. Inawakutanisha watu waliotoka Uvira, Ngara, Kabale na Muyinga, ambao wamekuwa majirani bila kufahamiana.

Hilo la mwisho tunalipa uzito wa pekee. Taifa letu limejengwa upya na watu waliorudi kutoka pande zote, kila mmoja na lugha yake ya sokoni na mazoea yake. Nyumbani kila mtu anafunga mlango wake. Ofisini wanakutana wenye kazi. Sokoni wanakutana wenye fedha. Uwanjani chini ya mti ndipo anapoweza kukaa yeyote, na asiulizwe ametoka wapi wala ana shilingi ngapi.

Wasomaji wetu nao wana wajibu. Kabla hujanunua kiwanja cha bei rahisi bondeni, nenda kwanza ofisi ya ardhi ukaulize. Ukiona uwanja wa mtaa wako umeanza kumwagiwa mawe na mchanga, usinyamaze ukidhani wapo wakubwa wanaojua. Uliza kwenye mkutano wa umudugudu ni nani aliyeruhusu na kwa karatasi gani. Na ukipewa eneo la umma ulitumie, liache safi kuliko ulivyolikuta.

Kigali imejipatia jina kwa usafi wake. Tangu mwaka 2008 tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wengine wamekuwa wakituiga. Tuwape sasa jambo jingine la kuiga: jiji la Kiafrika lililokua hadi mamilioni bila kumnyang'anya mtoto uwanja.

Kazi hiyo inaanza na chaki ya mpimaji, na inapaswa kuanza kabla ya msimu ujao wa ujenzi.